Unataka kusoma muziki sekondari? Imba kwanza, kalamu baadaye

Mimi niliingia darasa la muziki mwaka wa kwanza wa sekondari na kiburi cha mtu anayejua kupiga kibodi. Yaani wimbo nausikia mara mbili naukamata, mkono wa kushoto nabandika kodi zangu tatu zilezile (kodi za muziki jamani, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, siyo za serikali), watu wanapiga makofi, basi nikajua hili somo ni la kupata alama za bure. Wiki ya pili mwalimu akaleta imla.

Kwa asiyejua, imla ya muziki ni kama imla ya lugha, ila badala ya maneno mwalimu anapiga melodi fupi kwenye kinanda, baa nne hivi (baa ni kifungu kidogo cha mapigo), anarudia mara tatu au nne na wewe unaandika nota kwenye ile mistari mitano. Baa ya kwanza niliandika yote. Ya pili nusu. Ya tatu nikawa nimeshaisahau melodi yenyewe maana bado nilikuwa nabishana kichwani kama ile nota ilikuwa mi au fa, na ya nne nikachora tu nota zinapanda kwa sababu nilikumbuka kitu kilikuwa kinapanda. Msichana aliyekaa pembeni yangu, ambaye kibodi alikuwa hajawahi hata kuigusa, alipata zote. Nilipomchungulia midomo yake ilikuwa inacheza kidogo kidogo bila sauti. Alikuwa anaimba, kumbe ni mtu wa kwaya toka mdogo.

Sasa ukiniuliza leo ushauri wa kusoma muziki sekondari nitakurudisha palepale kwenye ile midomo. Wengi wanaofeli hili somo wana vipaji tu vizuri, shida ni kwamba wanalisoma kwa macho kama jiografia, wanakariri majina ya nota, majina ya skeli, majina ya watunzi, halafu mtihani unawauliza kitu kwa sikio wanabaki wametoa macho. Kitu ambacho huwezi kukiimba bado hujakijua, hata kama umekiandika kwa kalamu ya rangi mbili.

Kwenye imla yenyewe nilichokuja kujifunza ni hiki: mara ya kwanza inapopigwa usiandike chochote, weka kalamu chini kabisa. Sikiliza do iko wapi, ni mapigo mangapi kwa baa, na nota ya mwisho imetua wapi, maana melodi nyingi za mtihani zinarudi nyumbani kwenye do kwa hiyo nota ya mwisho mara nyingi unaipata mapema. Mara ya pili andika mdundo tu, vistari virefu na vifupi, achana na sauti kuwa juu au chini. Halafu ikiisha iimbe yote kimoyomoyo kabla hujaanza kuweka nota mahali pake. Ukiweza kuiimba toka mwanzo hadi mwisho umeshamaliza kazi, kuandika ni kunakili tu. Usipoweza, hata ikirudiwa mara kumi utaendelea kubahatisha.

Na usidharau do re mi eti ni mambo ya watoto. Hizi silabi zilitungwa kwa shida hiihii, karne ya 11 kule Italia mtawa Guido wa Arezzo alikuwa anahangaika na waimbaji waliokuwa wanatumia miaka kukariri nyimbo kwa kusikia tu, akachukua silabi za mwanzo wa mistari ya wimbo mmoja wa Kilatini, ut re mi fa sol la, ili mtu aweze kuimba kitu ambacho hajawahi kukisikia. Ut baadaye ikawa do. Kwa hiyo ukikaa na karatasi ya nota usiyoijua ukaisoma kwa solfa, yaani hizo do re mi, unafanya kazi ileile ya yule mtawa, tena wewe una na simu ya kujirekodi.

Solfa inasaidia mpaka kwenye ufunguo wa wimbo, ile sehemu ya shapu (zinazopandisha nota nusu hatua) na flati (zinazoishusha) mwanzoni mwa mstari ambayo watu wanaitengenezea misemo mirefu ya kukariri. Mimi misemo ilinishinda, nilikuwa nasahau msemo wenyewe. Kuna njia fupi: shapu ya mwisho kulia ni ti, nota ya saba, ile inayokaa chini tu ya do ya juu. Basi. Ukiona shapu mbili, F na C (nota zina majina ya herufi pia, A hadi G), ya mwisho ni C shapu, hiyo ni ti, panda nusu hatua unapata do, ni D meja. Flati ya mwisho nayo ni fa, shuka fa mi re do. Flati mbili, B na E, E flati ni fa, ukishuka unafika B flati. Ukitaka mkato zaidi, flati ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Ila kumbuka kuangalia kama wimbo ni wa maina, ile skeli yenye sauti ya huzuni kidogo, maana C meja na A maina zote hazina shapu wala flati na mtahini anajua kabisa kwamba utajisahau.

Tuje kwenye kuandika sauti nne. Hapa ndipo watu wanalia. Soprano, alto, tena, besi, na sheria zake: usiweke tano sambamba (sauti mbili zilizoachana nota tano zikitembea pamoja), usiweke oktavu sambamba (hivyohivyo kwa nota nane), ti iende do, sauti zisipishane. Mimi nilizikariri kama alama za barabarani, nikaandika zoezi langu la kwanza la baa nane nikiwa najiamini kupita kiasi, likarudi lina wino mwekundu kama mtu amechinja kuku juu yake. Nikamfuata mwalimu kulalamika kwamba nimefuata sheria zote isipokuwa mbili tatu. Hakubishana na mimi, akanipa do kwenye kinanda akasema imba ile sauti yako ya tena. Nikaanza. Baa ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nikafika mahali nilipoandika fa inaruka kwenda ti, nikaruka nikaangukia sijui wapi. Nikarudia. Nikaangukia pengine. Akaniuliza, sasa wewe uliyeiandika huwezi kuiimba, nani ataiimba?

Nilikasirika siku mbili nzima. Lakini kuanzia hapo kila zoezi naimba sauti zote nne moja moja kabla ya kukabidhi, na makosa yangu yalipungua kuliko nilivyowahi kuyapunguza kwa kukariri, kwa sababu sheria nyingi za pale ni maelezo tu ya kitu ambacho koo linakataa na sikio linakataa. Hata ile ya tano sambamba ambayo kila mtu anaichukia ina maana yake. Chukua ile A inayotetemeka mara 440 kwa sekunde, E iliyo juu yake, ya tano ukihesabu toka A, inatetemeka karibu mara 660, ni mbili kwa tatu, zinashikana sana mpaka sikio linakaribia kuzisikia kama kitu kimoja. Ukizitembeza zote mbili pamoja kwenda upande mmoja, sauti zako nne zinageuka tatu. Sauti ya tena imeenda kumezwa na besi. Kwenye gitaa la roki hilo linapendeza na watu wanalitafuta kwa makusudi, ila hapa umeambiwa uandike watu wanne wanaojitegemea.

Mazoezi ya ala sitaongea sana kwa sababu kila mtu anajua anachotakiwa kufanya na hafanyi. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi, mimi nilikuwa wa saa tatu za Jumamosi na vidole vilikuwa vinanikumbusha. Na acha kuanzia mwanzo kila ukikosea!! Ukikosea baa ya 17 ukarudi baa ya 1, ya 17 unaipiga mara moja na zile rahisi unazipiga mara ishirini, mwisho wa siku mwanzo unang'aa na katikati kumeoza. Chukua baa mbili ngumu, weka metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) 60, ambayo ni pigo moja kwa sekunde, piga mpaka zichoshe, ndiyo upandishe kidogo kidogo.

Kutunga nako kulinipa aibu yangu nyingine. Niliandika kipande cha klarineti na kinanda, nikakiimba chote kama kawaida, kizuri, nikampa rafiki yangu wa klarineti karatasi. Siku ya kupiga tukaanza pamoja na kikatoka kitu kama magari mawili yanapigiana honi, kila mmoja anamwangalia mwenzake kama mkosaji ni yule. Kumbe klarineti yake ni ya B flati, akisoma C inatoka B flati, kwa hiyo karatasi yake ilitakiwa kuandikwa hatua nzima juu na mimi nilimwandikia sawa na kinanda. Kwa hiyo kama unamwandikia mtu ala usiyoipiga wewe, kaa naye nusu saa kwanza. Muulize nota ya chini kabisa anayofika, wapi anapumua, nini kinamuumiza. Kompyuta itakudanganya hapa, MuseScore ni programu ya kuandikia nota, nzuri na ya bure na naipenda, ila filimbi ya kwenye kompyuta haina mapafu, itapiga baa 40 bila kuvuta pumzi na wewe utafurahi tu.

Historia ya muziki fanya fupi, sikiliza. Mtu anakariri kwamba Bach alifariki 1750 na Mozart akazaliwa 1756 lakini ukimpigia vipande viwili hajui kipi ni cha nani. Chagua kipande kimoja kimoja cha kila kipindi, tafuta nota zake, kwenye tovuti ya IMSLP zimejaa za bure za watunzi wa zamani, fuata kwa kidole wakati kinapigwa. Vipande vitano ulivyovijua hivyo vitakubeba kuliko daftari zima la tarehe.

Na nyumbani wakikuuliza muziki utakupeleka wapi, mimi sikuwa na jibu na sikujifanya ninalo. Nilichofanya nilihakikisha hisabati yangu haishuki, maneno yakaisha yenyewe.

Siku ya mtihani wa vitendo mikono ilikuwa inatetemeka. Moyo ukienda mbio kila spidi inaonekana ya pole, kwa hiyo wengi wanaanza haraka halafu wanakwama sehemu ngumu. Dawa yangu ni kuimba kichwani zile baa mbili ngumu kuliko zote kabla sijagusa kinanda, kisha naanza wimbo kwa spidi hiyohiyo. Nilikosea mara mbili, nikaendelea. Halafu mtahini akapiga kodi ya nota tatu kwa pamoja akasema, imba ya chini. Nikaimba. Akasema, sasa ya katikati. Ile ya katikati ndiyo inayojificha, miaka michache nyuma nisingejua hata kama ipo. Nikafumba macho nikaiimba, sauti imekwaruza kama ya jogoo mgonjwa, lakini ilikuwa yenyewe.