Mkojo mwingi, fosforasi kidogo: kwa nini?

SWALI: Nimesoma kwamba fosforasi iligunduliwa kwenye mkojo. Kwa nini ulihitajika mwingi kiasi kile, na nani aligharimia kazi hiyo? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

JIBU: Fosforasi ilikuwemo ya kutosha, iliyokuwa mbovu ni njia. Mwaka 1669 Hennig Brand wa Hamburg, akisaka dhahabu kwa mali ya mkewe, aliuacha mkojo uvunde, akauchemsha mpaka ukawa mzito kama asali, kisha akaupasha moto hadi mafuta mekundu yakachuruzika. Masalia yalipopoa yakajitenga: juu kitu cheusi chenye vitundu, chini chumvi. Ile chumvi akaitupa, na humo ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ya fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni! Kile cheusi alikichanganya na yale mafuta mekundu na kukichoma kwa moto mkali saa nyingi. Kaboni iliyokuwa ndani yake ikainyang'anya fosfeti oksijeni, fosforasi ikatoka kama mvuke na kuganda ndani ya maji.

Fedha za nje zilikuja baadaye. Johann Daniel Kraft alinunua siri ya Brand kwa thala 200 (sarafu za fedha za Ujerumani), akazunguka kwenye majumba ya watawala akionyesha kitu kinachong'aa gizani. Mwaka 1677 alifika London, mwanasayansi Robert Boyle akakiona. Mwanafalsafa na mwanahisabati Leibniz naye, aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Hannover, Johann Friedrich, alimwombea Brand malipo kwa bwana wake.

Sasa angalia fedha hizo zilinunua nini: siri na maajabu. Kwa maoni yangu ndiyo maana kosa la chumvi lilidumu, kwani njia iliyofichwa haipati mtu wa kuikosoa.

Boyle alifanikiwa kuitengeneza mwaka 1680. Mchanga alioongeza ukawa msaada mkubwa: silika yake huungana na sodiamu iliyoshikana na fosfeti, hivyo kaboni huipata fosforasi kwa urahisi zaidi. Lakini hata yeye aliiandika njia yake kwenye karatasi iliyofungwa kwa lakiri, akaikabidhi Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Ilifunguliwa baada ya kifo chake. Aliyetajirika ni msaidizi wake, Ambrose Godfrey, aliyefungua duka London na kuuza fosforasi Ulaya nzima. Karibu miaka 100 baada ya Brand, wanakemia Gahn na Scheele wa Sweden walionyesha kwamba mifupa imejaa fosfeti, na mkojo ukaachwa.

Usijaribu haya nyumbani. Fosforasi nyeupe ni sumu kali na huweza kuwaka yenyewe ikiguswa na hewa. Huhifadhiwa ndani ya maji.