Usilifute lile faili la Word

Usilifute. Umeandika kwamba riwaya yako ya sura 22 umekwisha kuihamisha kutoka faili la Word, ambalo sasa unataka kulifuta, na kuiingiza katika programu ya waandishi yenye kadi za sura, kwamba nakala yake umeiweka kwenye flashi, na kwamba Jumamosi unaipeleka kompyuta kwa fundi apige windo upya, yaani afute yaliyomo na kuiwekea Windows mpya. Kisha ukauliza kama programu hiyo inafaa, kama unaweza kuendelea kuandika kwa simu ukiwa Pangani, jinsi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na namna ya kuzipanga saa za alfajiri. Nilipoiona flashi na fundi katika sentensi moja, chai ilinipalia.

Mwaka 2018 nilikuwa na riwaya ya maneno yapatayo 60,000, niliyoiandika hapa Makorora, Tanga, kwa miaka miwili, mara nyingi usiku watoto wakiwa wamelala. Muda mrefu iliishi kwa amani katika faili moja la Word. Kisha nikakutana na bwana mmoja wa video za mtandaoni, aliyetamka kwa sauti ya mganga kwamba Word ni ya makarani na kwamba mwandishi anayejiheshimu huigawa kazi yake vipande vipande ndani ya programu maalumu. Nikanunua. Sikatai kwamba ilipendeza: niliweza kuivuta sura ya tisa nikaitanguliza mbele ya sura ya tatu bila kunakili hata neno moja. Jambo ambalo bwana yule hakulisema, ingawa alipata wasaa wa kutaja mara tatu kiungo cha kununulia ambacho naye humpatia chochote, ni kwamba programu ile haihifadhi riwaya kama faili moja. Kitabu chako ni folda. Ndani yake mna faili dogo lenye orodha ya sura na mpangilio wake tu, na maneno yenyewe yamo katika mafaili mengine mengi, yenye majina yasiyomwambia mtu lolote, yaliyozama folda mbili tatu chini.

Kompyuta ilipoanza kuchoka, nilifanya kile ninachohofia kwamba umekifanya wewe. Nilifungua folda, nikaona faili lenye nembo ya programu na jina la riwaya yangu, nikalinakili kwenye flashi, nikalala usingizi wa mtu mwenye akiba ghalani. Fundi wangu wa Ngamiani aliniuliza waziwazi, "Mzee, umetoa vitu vyako vyote?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi si mgeni wa kompyuta. (Kwa hiyo fundi hana kosa, na hadi leo ndiye anayenitengenezea, ila kila nikiingia huniuliza swali lilelile huku akitazama pembeni asicheke.) Niliporudi nyumbani na kulifungua faili lile, majina ya sura zote 19 yalijipanga kama kawaida. Nikabofya sura ya kwanza: nyeupe. Ya pili: nyeupe. Niliendelea hivyo hadi ya 19, polepole, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba iliyohamwa. Tanga tunasifiwa kwa "waja leo warudi leo". Sura zangu zilikwenda, za kurudi sijaziona.

Kinachoniuma hata sasa ni kwamba ishara ilikuwa mbele ya macho yangu. Faili lile lilikuwa na kilobaiti 46. Maneno 60,000 ya Kiswahili, hata yakiwa maandishi matupu yasiyo na pambo lolote, hukaribia kilobaiti 400, kwa kuwa kila herufi na kila nafasi huchukua baiti moja, na kilobaiti ni baiti elfu moja hivi. Ukubwa ule uliandikwa pale pale kando ya jina, nami nilikuwa ninashangaa nembo. Faili la zamani la Word nalo nilikuwa nimelifuta siku niliyohama, kwa sababu bwana wa video alisema matoleo mawili humchanganya mwandishi. Sura ya nne pekee ndiyo iliyosalimika, kwa kuwa nilimtumia shemeji yangu kwa WhatsApp. Alikuwa hajaisoma, lakini hakuifuta, na kwa hilo nimemsamehe mengi.

Nakala ambayo hujaifungua kwenye kompyuta isiyo yako si nakala. Kila Ijumaa huiagiza programu itoe kitabu kizima katika faili moja la docx, yaani la Word, au la ODT, muundo ambao tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa cha ISO na hausubiri kampuni moja iufungue, pamoja na faili jingine la maandishi matupu. Kisha nakwenda na flashi hadi steshenari ya jirani, kwenye kompyuta isiyo na programu yangu, nalifungua, naisoma aya ya mwisho ya sura ya mwisho. Usiniambie kwamba unayo hifadhi ya mtandaoni inayojilinganisha yenyewe na kompyuta, kwani hiyo hulinganisha hata makosa: ukifuta huku, inafuta na kule.

Programu yako ukiipenda, kaa nayo. Mimi nilirejea kwenye programu ya kawaida ya kuandikia, LibreOffice, isiyo na malipo, na huko nikagundua kwamba ukiviwekea vichwa vya sura mtindo wa kichwa cha habari, unaweza kuzihamisha sura nzima kutoka kwenye orodha iliyo pembeni. Word nayo inalifanya jambo hilo tangu toleo la 2010. Yaani nililipa fedha kununua kitu nilichokuwa nacho nyumbani, halafu nikalipa riwaya juu yake. Kuhusu simu, andika hata kwenye kuta za Pangani, mradi Ijumaa ufike steshenari.

Sasa ichomeke flashi yako, ulitazame faili hilo lina ukubwa gani, kisha urudi utuandikie ni kilobaiti ngapi. Fundi na asubiri.