Waddesdon Manor: nani alimrithi nani?

Salaam ndugu. Umeuliza nani alimrithi nani Waddesdon Manor, na umekwama kwa kuwa unaona majina matatu ya akina Rothschild, ukoo wa wenye benki, kwenye jumba hilo moja la Uingereza, na mjenzi wake hakuacha mtoto.

Nami nilikwama hapohapo, nikimtafuta mwana wa kurithi. Anza na miaka ya vifo. Ferdinand, mjenzi mwenyewe, alinunua ardhi kwa Duke wa Marlborough mwaka 1874, akamwita mbunifu Mfaransa, Destailleur. Mkewe Evelina alikuwa amefariki 1866 katika uzazi, mtoto naye hakuishi, na Ferdinand hakuoa tena. Alipofariki 1898, jumba lilikwenda kwa dada yake, Alice.

Huyo ndiye wengi wanamruka, na inaniuma, maana kanuni zake kali za kutunza mapazia, samani na vyombo ndizo zilizoviokoa. Alice alifariki 1922, jumba likarithiwa na James wa tawi la ukoo lililoko Paris. Wakati wa Vita vya Pili alipokea humo watoto wadogo waliohamishwa kutoka Croydon. Naye hakuwa na mtoto. 1957 aliusia jumba kwa National Trust, shirika la kuhifadhi urithi.

Jina la Dorothy lisikuchanganye: ni mjane wa James, aliyeendelea kulisimamia baada ya hapo.