Ziwa la kuwafundishia watoto kuvua Mtwara mjini? Subiri maji mafu, nenda Mikindani

SWALI: Tumehamia Mtwara mwaka huu tukitokea Mwanza. Wanangu, wa miaka 7 na 10, walizoea kukaa na babu yao ziwani akivua, na sasa wananisumbua wafundishwe. Je, kuna ziwa au bwawa karibu na mji ambapo mtoto anaweza kuvua akiwa nchi kavu? Na je, ninunue fimbo ya kisasa yenye rili? – Mama wawili, Mtwara

JIBU: Mama wawili, karibu sana Kusini. Mimi ni afisa uvuvi, na swali lako nimelifurahia, maana mtoto anayejua kuvua kwa ndoano hukua akiiheshimu bahari.

Ziwa la kukaa mchana na watoto hapa mjini hatuna. Ziwa Chidya liko mbali, upande wa bonde la Ruvuma, na Ruvuma ni mto wa mamba na viboko. Sitamshauri mzazi yeyote aweke mtoto wa miaka 7 kwenye ukingo wenye matete huko. Tena kuna kichocho. Mikoa yetu hii inakijua vizuri, na mtoto akivua kwenye maji baridi yaliyotuama lazima tu ataingiza miguu. Konokono wanaobeba kichocho hawaishi kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo kwa watoto wako bahari ni salama kuliko bwawa, mradi uijue saa yake.

Nenda Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini. Ghuba ile imezungukwa na nchi karibu pande zote, mawimbi ya nje hayaifikii kwa nguvu, na hata upepo wa kusi ukivuma maji yake hutulia kuliko ya ufukwe wa Shangani, kwenye miamba. Tafuta sehemu ya mchanga, mbali kidogo na mitumbwi inapoingilia. Usiwapeleke Msimbati kwa shughuli hii bila kuuliza, kwa kuwa iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 na ina taratibu zake. Hata Mikindani, kabla ya siku yenyewe pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize kuhusu kibali, kisha wasalimie wazee wa pwani. Watakuonyesha mahali pazuri kuliko nitakavyoweza kukueleza kwa maandishi.

Sasa saa. Wavuvi wakubwa hupenda bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu samaki hutembea sana. Lakini siku hizo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Asubuhi yanakupwa hadi unabaki na tope, na yakianza kurudi yanakimbia. Kwa mtoto chagua maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, kama siku 7 baada ya mwandamo au baada ya mpevu. Siku hizo katika pwani yetu maji kwa kawaida hujaa mnamo saa 4 asubuhi, na hujaa polepole. Ukifika saa 2 utakuwa na saa mbili nzima za maji yanayoingia taratibu, na samaki wadogo wakiyafuata kuja kula mchangani. Jua likianza kuwa kali mnaondoka. Jumamosi ya namna hiyo ikikupita, subiri nyingine, usilazimishe.

Rili acha kwanza. Inamfundisha mtoto kurusha kabla hajajua kusikia samaki akigonga. Mkatie mwanzi wa mita 2, ufunge mshipi mwembamba wa nailoni wenye urefu uleule, chubwi dogo (kipande cha risasi cha kuzamisha mshipi), na ndoano ndogo, namba 10 hadi 12 (namba ikipanda, ndoano inapungua). Kile kijiba cha ndani kinachomzuia samaki asichomoke kibane kwa koleo kilale kabisa. Siku ndoano itakapoingia kwenye kidole, na itaingia, itatoka bila kuchana. Kwa boya, kata kipande cha ndala kuukuu ukubwa wa kidole gumba, kitoboe, pitisha mshipi. Chambo ni kamba au ngisi, kipande kama punje ya hindi. Ngisi ni mgumu, haliwi haraka, hivyo mwanzo humpunguzia mtoto hasira.

Mwonyeshe mkubwa kuitazama ndala. Chaa, yule samaki wa fedha wa mchangani, hugonga mara mbili tatu kwanza, ndala inatikisika tu. Ndala ikizama au ikianza kwenda pembeni, ndipo anyanyue. Watoto wengi hunyanyua samaki anapogonga mara ya kwanza, na hapo hukosa.

Lililo muhimu kuliko yote: samaki asiguswe na mtoto kabla hujamtazama wewe. Tasi ana miiba yenye sumu. Ngogo pia, na mpwa wangu alichomwa na ngogo mdogo kuliko kalamu, akalia hadi tulipofika nyumbani, kwa sababu niligeuka kutafuta kisu. Akichomwa, tumbukizeni mkono kwenye maji ya moto yasiyounguza, jaribu kwanza kwa mkono wako, kisha mwende kituo cha afya. Bunju, anayejijaza akawa mpira, haliwi kabisa. Sumu yake haifi kwa kupikwa. Viatu wavae majini, na waburute miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akimbie asikanyagwe.

Wadogo warudisheni majini kwa mkono uliolowa. Na mtu akiwaletea chandarua muwavue kwa wingi, kataeni. Ni kosa kisheria, na hukomba vifaranga vyote vya ghuba.

Wa miaka 7 atachoka baada ya saa moja. Mwache achimbe mchanga, mwanzi wake ushike wewe, na ndala ikizama umwite.