Maswali yenu: mistari ya rangi sakafuni, foleni, na sanduku la maoni

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za kuboresha huduma hospitalini. Nimechagua sita. Zilizofanana nimeziunganisha, na matusi ya mwandishi mmoja nimeyaacha humo humo kwenye bahasha yake.

Bosi wetu amerudi kutoka semina. Tumetupa vitanda vibovu, tumepaka mistari ya njano sakafuni, kila kabati lina lebo. Anasema hiyo ndiyo KAIZEN. Ni kweli? (Muuguzi, Singida)

Bado, muuguzi mwenzangu. Hiyo ni S tano, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi, na bila shaka majina yake yamebandikwa ukutani kwenu: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mtindo huu ulitoka viwandani Japani. Hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, Sri Lanka, ikaonyesha kwamba unafaa hata wodini, na mwaka 2007 ukaingia Tanzania, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikiwa miongoni mwa za mwanzo kuupokea. Kazi yake ni kuandaa uwanja. KAIZEN, neno la Kijapani la kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, inaanza pale mnapolishika tatizo moja, tuseme majibu ya maabara yanayochelewa kufika wodi ya watoto, mkatafuta chanzo, mkabadili kitu, mkapima.

Hata hivyo msiidharau kazi mliyofanya. Nimewahi kushuhudia mtungi wa oksijeni ukitafutwa nyuma ya rundo la viti vilivyovunjika, mgonjwa akiwa anatweta. Ila S ngumu ni ya tano. Zile nne hata wiki moja kabla ya ugeni wa wizara zinatosha.

Nilifika kliniki saa moja asubuhi, nikatoka saa tisa alasiri. Daktari nilikaa naye dakika kumi. Hizo mbinu zenu zinanisaidia nini mimi mgonjwa? (Mama, Temeke)

Zingekusaidia wewe kuliko mtu yeyote, mama. Wajapani wana neno "muda", na kwao maana yake ni upotevu: shughuli inayokula nguvu bila kumnufaisha mteja. Siku nilipolisikia semina nzima iliangua kicheko, maana sisi muda tunaoujua ndio huo uliopoteza pale kwenye benchi. Toyota walihesabu upotevu wa aina saba, na kusubiri ni mmojawapo.

Namna ya kuuona ni rahisi. Mtu mmoja anachukua saa na karatasi, anamfuata mgonjwa mmoja tangu getini hadi anapotoka na dawa, akiandika kila alipokaa na kwa dakika ngapi. Tulifanya hivyo katika hospitali moja ya wilaya, tukamfuata mzee wa shinikizo la damu. Alipanga foleni ya malipo mara tatu: kumwona daktari, kupima, kuchukua dawa. Faili lake lilitafutwa hadi likapatikana juu ya kabati la chumba kingine. Katika safari yote hiyo sikumwona mtumishi mvivu. Kila dirisha lilikuwa likitoka jasho. Njia yenyewe ndiyo iliyokuwa imepindapinda, na hakuna aliyewahi kuitembea mwanzo hadi mwisho.

Tulianza na mambo mawili yasiyo na gharama. Mafaili ya wagonjwa wa marudio yakawa yanatolewa jioni ya jana yake kwa orodha ya kliniki. Na badala ya kuwaambia wote waje alfajiri, miadi ikagawanywa: kundi la saa mbili, la saa nne, la saa sita. Wenzetu wa mapokezi walicheka, wakasema watu watakuja alfajiri vilevile. Kweli walikuja, wiki za mwanzo, mpaka walipoona aliyeandikiwa saa nne anaitwa saa nne.

Ukikutana na mjumbe wa kamati ya afya ya kituo chenu, muulize mgonjwa anasubiri saa ngapi kwa wastani. Akikosa jibu, ujue hawajapima.

Timu yetu ya kuboresha huduma inakutana kila mwezi, mihutasari tunayo, mabadiliko hatuyaoni. Tunakosea wapi? (Tabibu, Kigoma)

Mnakutana sana, mnajaribu kidogo. Panga, tenda, chunguza, rekebisha: mzunguko huu una mizizi yake kwa Walter Shewhart wa Marekani, na W. Edwards Deming aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1950 ndiye aliyeusambaza. Hauhitaji kusubiri kikao. Unahitaji jaribio dogo: zamu moja, mkunga mmoja, wagonjwa watano, kesho asubuhi.

Chukueni patografu kumi za wiki iliyopita, zile fomu za kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Hesabuni ni ngapi zina mapigo ya moyo wa mtoto yaliyoandikwa kila nusu saa. Tuseme ni tatu. Sasa ulizeni kwa nini, na jibu likija ulizeni tena. Kwa nini hazijazwi? Mkunga anazijaza mama akishajifungua. Kwa nini? Fomu hazipo leba. Kwa nini? Ziko kwa matroni. Kwa nini? Ziliwahi kuisha, akazifungia. Mlianza na "wakunga wazembe", mmeishia kwenye ufunguo wa kabati. Wekeni fomu ishirini leba, hesabuni tena wiki ijayo, na kila wiki mtie nukta moja kwenye grafu ya ukutani. Nukta moja ikipanda msipige vigelegele. Ikishuka msimwite mtu ofisini. Subirini muone mstari unaelekea wapi.

Nilipata mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi michache tu mikono imesahau. Niombe semina nyingine? (Mkunga, Babati)

Usiombe semina, omba mwanasesere wa mazoezi akae hapo hapo leba. Jirani zenu wa Hospitali ya Kilutheri Haydom walilichunguza jambo hili. Baada ya mafunzo ya siku moja, watumishi walifanya vizuri kwenye mwanasesere, lakini kwa watoto halisi utendaji haukubadilika. Ndipo wakaanza mazoezi mafupi ya kila wiki, dakika tatu hadi tano, kazini kwenyewe. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Bahati mbaya mazoezi ya dakika tano hayana posho. Nadhani hapo ndipo penye sababu ya semina kupendwa zaidi.

Daktari bingwa wetu anasema orodha ya kuhakiki kabla ya upasuaji ni mambo ya Wazungu. Nimjibu nini? (Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Mombasa)

Mjibu kwa adabu kwamba Ifakara si Ulaya. Orodha ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika miji minane, na Ifakara ilikuwamo pamoja na London, Manila na Amman. Matokeo yalitoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Lakini bingwa wako naye ana hoja, hata kama hajui. Jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza orodha itumike katika hospitali zake, na uchunguzi uliotoka mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Kuna karatasi inayosomwa kwa sauti watu wote wamesimama kimya, na kuna karatasi inayotiwa vema zote mgonjwa akiwa ameshashonwa. Yenu ni ipi?

Hapa kwetu sanduku la maoni lipo mlangoni. Kuna anayelifungua? (Mzee, Tabora)

Shikamoo mzee wangu. Tazama kufuli kwanza. Likiwa na kutu, jibu unalo. Kisha uliza ufunguo anao nani. Mimi ningependa lifunguliwe siku inayojulikana, mjumbe wa wananchi akiwepo, na majibu yabandikwe ubaoni hapo hapo. Ukishampata mwenye ufunguo, niandikie tena.