Barua kwa mwanangu: changu kilitulia lini?

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unauliza uukubali ukuu wa idara ya Kiingereza hapo skulini kwenu Unguja au uukatae, maana, kwa maneno yako, "Kiingereza changu mwenyewe hakijatulia, nitamwongoza nani?"

Changu mimi kilitulia lini? Nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu, na barua ya Kiingereza siiandiki bila ya kamusi pembeni.

Nilikuwa nasomesha Hesabati darasa la tano kwa Kiswahili changu safi. Ilipokuja Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006, Hesabati na Sayansi zikahamishiwa kwenye Kiingereza kuanzia darasa hilo hilo, na watoto wangu wakawa mabubu. Mmoja, mkali wa hesabu, alikutana na swali "Complete the table", yaani kamilisha jedwali. Yeye "table" aliijua ni meza tu. Akachukua rula, akalitia jedwali miguu minne, imenyooka sawasawa. Nilicheka, kisha nikakaa kitako. Hesabu alikuwa anazijua. Alichokosa ni neno moja.

Jioni ile nilibandua kalenda ukutani (baba yako alinuna, mwezi ulikuwa haujesha), nikaandika nyuma yake: neno, mchoro, na Kiswahili chake. Darasani nikawaacha wazungumze wawili wawili kwa Kiswahili kwanza, ndipo wanijibu kwa Kiingereza. Mkaguzi mmoja alinigombeza mbele ya watoto kwa Kiswahili kile. Nilinyamaza, alipoondoka nikaendelea. Walimu wenzangu wakaanza kuja kuazima kalenda, nikaitwa kituo cha walimu niwaoneshe wengine, na vyeo vikafuata huko huko. Sikuviomba, ila sikuvikimbia.

Kilichonitoa jasho si watoto. Ni mwalimu aliyenisomesha mimi mwenyewe, wakati huo yuko chini yangu. Kila kipindi cha Sayansi alijaza ubao, watoto wakanakili, kimya mpaka kengele. Nilijua anaona haya kutamka. Unaingiaje darasani mwa mtu kama yule na daftari la ukaguzi? Nilimwomba yeye aje kwangu, akae nyuma, aniandikie makosa yangu ya Kiingereza. Aliandika kumi na moja. Matatu hayakuwa makosa, nikayameza. Wiki ya pili akaniambia, "Haya, na wewe njoo kwangu."

Kubali, mwanangu. Ila mwambie mkuu wako asikunyang'anye vipindi vyote. Bakisha japo mkondo mmoja wa kidato cha kwanza, pale masomo karibu yote yanapowageukia Kiingereza. Usipowasikia wakikwama kwa masikio yako mwenyewe, haipiti miezi mitatu utakuwa unasema kama yule mkaguzi.

Kalenda za mwaka jana nimekukusanyia nane, zimo kwenye mkoba wa ukili. Shangazi yako anakuja nazo na boti ya Jumamosi, umpokee bandarini. Moja ina madoa ya mchuzi, lakini nyuma ni safi.

Mama yako