Maswali ya Wasomaji: Simu ya Mamilioni Inajizima, ya Kaka Inapeta

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Rau, Moshi. Nimetengeneza programu ya Android kwa ajili ya wageni wanaopanda mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Ukurasa wa kwanza una picha ya kilele cha Kibo niliyoipiga mwenyewe alfajiri, upana pikseli 2000 na kimo 1500. Kuna alama ndogo za kambi, maji na choo, kila moja pikseli 24 kwa 24, na kuna ramani. Kwenye simu yangu picha inakaa vizuri ila alama zina chenga. Kaka yangu ni mgumu wa mlimani, yaani mbeba mizigo ya wageni, simu yake ni ya bei ya chini, na kwake programu inafunguka bila shida. Mgeni mmoja alipoifungua kwenye simu ya mamilioni, ikajizima palepale. Aliniruhusu niichomeke kwenye kompyuta, nikaona ujumbe kwamba picha ni kubwa mno, pamoja na namba 192000000. Picha zote ziko kwenye folda ya drawable. Nizikuze zote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikuze hata moja. Na ahsante sana kwa kuinakili ile namba, kwa sababu wengi huniandikia "inajizima tu" basi, nami nabaki kubahatisha. Yako imebeba jibu zima.

Tuigawe. Picha ikishafunguliwa, kila pikseli, yaani kila nukta ya rangi, kwa kawaida hukalia baiti 4 za kumbukumbu ya simu. Gawa 192000000 kwa 4, unapata pikseli milioni 48. Picha yako ni 2000 kwa 1500, yaani milioni 3. Kwa hiyo imezidishwa mara 16: mara 4 upana, mara 4 kimo. Simu ya mgeni imeichukua Kibo yako ikaivuta hadi 8000 kwa 6000, halafu Android yenyewe ikakataa kuichora. Aliyeagiza ivutwe ni folda.

Android hupima vitu kwa dp, na dp 160 ni kama inchi moja. Kwenye kioo chenye pikseli 160 kwa inchi, dp moja ni pikseli moja. Kioo cha 240 kinahitaji pikseli moja na nusu, cha 320 pikseli 2, cha 480 pikseli 3, cha 640 pikseli 4. Folda zake, kwa mpangilio huohuo, zinaishia na mdpi, hdpi, xhdpi, xxhdpi na xxxhdpi. Sasa folda ya drawable isiyo na mkia wowote huhesabiwa kuwa mdpi. Ukiweka picha humo umeiambia simu kwamba picha hii imepimwa kwa kioo cha 160. Simu ya mgeni, ambayo ni ya 640, imekutii na kuzidisha mara 4. Ya kaka yako, ikiwa ni ya 240, imezidisha mara moja na nusu: 3000 kwa 2250, baiti milioni 27, ikapita. Ndiyo maana simu nzuri zaidi ndiyo iliyotwishwa mzigo mzito zaidi. Huna cha kumlaumu mgeni kuhusu simu yake, na simu ya kaka haina maajabu.

Nami nilipita njia hiyo. Nilikuwa natengeneza programu ya bei za kahawa, na simu ya kujaribia ilikuwa moja tu, ya kwangu. Siku moja nikaazima simu tatu kwa fundi wa Kaloleni, nikazipanga mezani hapa nyumbani Njiro, nikaweka rula juu ya kitufe kilekile kwenye kila kioo. Nilikuwa nimekipima kwa pikseli. Kwenye simu ya kwanza kilitosha kidole gumba, kwenye ya tatu kilikuwa kama punje ya hindi. Nikamfikiria mkulima mwenye vidole vilivyokomaa kwa jembe akikitafuta kitufe kile juani, na nikaumia. Nilipokipa dp 48, rula ikasoma kati ya milimita 7 na 9 kwenye simu zote. Rula hiyo iko kwenye droo yangu mpaka leo.

Tuanze na picha ya Kibo. Ipunguze iwe 1440 kwa 1080, kisha iweke kwenye folda ya drawable-nodpi. Mkia huo unaiambia simu isizidishe chochote, ichukue picha ilivyo na kuitosheza kwenye nafasi uliyoipangia. Piga hesabu: 1440 mara 1080 mara 4 ni baiti milioni 6 na kidogo. Kutoka milioni 192! Na theluji itaonekana safi, kwa sababu simu nyingi vioo vyake vina upana wa pikseli 1080 au pungufu. Ihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililobanwa, ili mtu asimalize bando kuipakua, lakini usidhani WebP inapunguza kumbukumbu. Faili hupungua likiwa limehifadhiwa. Likifunguliwa, kila pikseli inadai baiti zake 4 kama kawaida.

Alama za kambi na maji ni habari nyingine. Chenga unayoiona inatokana na pikseli 24 kuvutwa ziwe 48 kwenye simu yako, ikiwa ni ya 320. Pikseli za kujazia hazipo, simu inakisia. Zichore upya kama vekta. Picha ya kawaida ni kama kumpa mchoraji wa vibao karatasi ndogo akuze kila doa lililomo; vekta ni kumpa maelekezo, mstari uanzie hapa, upinde pale, naye akachora ukutani au kwenye kadi bila ukingo kuharibika. Android inazipokea tangu toleo 5.0 la mwaka 2014. Kama kuna alama yenye vivuli vingi isiyofaa kuwa vekta, tengeneza picha tano za kawaida, faili za PNG: 24, 36, 48, 72 na 96, kila moja kwenye folda yake. Anza na mchoro mkubwa, ushuke. Usianze na ya 24 ukapanda.

Usihofu kwamba folda tano zitaifanya programu iwe nzito. Duka la Google Play linataka programu mpya ziletwe kama App Bundle, kifurushi kimoja chenye picha za vioo vyote, tangu Agosti 2021, nayo humpa kila mtu picha za kioo chake tu. Ila najua huko kwenu wagumu hurushiana APK, yaani faili lenyewe la programu, kwa Bluetooth wakisubiri getini. APK ya namna hiyo mara nyingi hubeba folda zote, kwa hiyo vekta itakufaa mara mbili.

Ramani: majina ya kambi za Mandara, Horombo na Kibo yatoe ndani ya picha. Yaandike kama maandishi juu yake kwa kipimo cha sp, ambacho ni dp inayofuata pia ukubwa wa herufi aliouchagua mtu, ili mzee aliyekuza herufi za simu yake ayasome bila miwani. Siku ukihamia iPhone, utakuta faili zenye @2x na @3x. Hesabu ni ileile.

Sasa huna haja ya kumtafuta mgeni mwingine umjaribie. Chomeka simu yako kwenye kompyuta, ruhusu utatuzi kwa USB (USB debugging), kisha kwenye kompyuta tumia adb, chombo cha kuiamuru simu ya Android, uandike adb shell wm density 640. Vitu vitanenepa kwenye kioo, usishtuke. Fungua programu yako kabla hujarekebisha chochote: inapaswa kujizima mbele yako, na namba ile uione kwa macho yako. Kisha hamisha picha, ifungue tena. Jaribu na 480 na 240, umalize na adb shell wm density reset ili simu irudi ilivyokuwa. Halafu mpe kaka yako aende nayo safari ijayo, akuletee majibu ya wageni wake wote, wenye simu za mamilioni na wenye simu kama yake.